Kampuni Ikitaka Kununua Hisa Zako, Uuze ama Ukae Nazo?

Tuseme uko na hisa chache za kampuni fulani. Si nyingi, ni zile ulinunua miaka kadhaa iliyopita ukaziacha zikae. Halafu siku moja unasikia kampuni yenyewe, si dalali wala jirani, ikisema iko tayari kununua hisa zako, tena kwa bei iliyo juu kuliko ya sokoni. Utafanya nini?

Swali hili si la kufikirika tu. Katikati ya mwaka 2021 liliwafikia wenyehisa wa Nation Media Group, kampuni inayochapisha gazeti la Taifa Leo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi kununua hisa zake yenyewe. Watu wengi hawakuelewa. Wengine walidhani kampuni inafungwa. Wengine walidhani ni matapeli. Na kwa kuwa wateja wetu wengi sasa wanafuatilia hisa kwenye simu hiyo hiyo wanayotumia kulipa dukani, tumeona tulieleze jambo hili polepole, bila maneno makubwa.

Nitatumia ngamia. Mimi ni mtu wa Griftu, Wajir Magharibi, na kwetu ukitaka kueleza mali bila kutaja mifugo utaongea peke yako.

Hesabu ya wenzetu kumi

Watu kumi wameungana. Wana ngamia 100 na pesa taslimu shilingi milioni 2 zilizotokana na maziwa. Tuseme ngamia mmoja ni shilingi 100,000. Basi ngamia wote ni milioni 10, ukiongeza pesa zile mali yote ni milioni 12. Kila mmoja ana fungu moja kati ya kumi, kwa hivyo fungu moja lina thamani ya shilingi 1,200,000. Fungu hilo ndilo hisa.

Sasa mmoja wao anataka kutoka. Anataka kuhamia Nairobi, ana mtoto chuoni, sababu ni zake. Badala ya kumtafutia mnunuzi wa nje, wenzake wanasema tumlipe kutoka kwa zile pesa za maziwa, kisha tubaki tisa. Hapo ndipo kampuni "inanunua hisa zake". Hisa iliyonunuliwa haina tena mtu wa kuidai, na wale waliobaki wanagawana kila kitu kwa mafungu tisa.

Swali moja tu ndilo lenye uzito: analipwa ngapi?

Akilipwa 1,200,000 kamili, mali inabaki milioni 10.8. Gawanya kwa tisa, kila mtu bado ana 1,200,000. Hakuna aliyepata, hakuna aliyepoteza. Akikubali 900,000, mali inabaki milioni 11.1, na fungu la kila aliyebaki linakuwa karibu 1,233,000. Waliobaki wamepata kama 33,000 kila mmoja bila kununua hata mbuzi. Lakini akilipwa 1,500,000, mali inabaki milioni 10.5, na fungu linashuka hadi karibu 1,167,000. Aliyeondoka ameondoka na jasho la wenzake.

Soma aya hiyo mara mbili ukitaka, maana karibu yote yanayosemwa kuhusu jambo hili magazetini na kwenye mikutano ya wenyehisa yanatoka hapo. Kampuni kununua hisa zake si jambo zuri wala baya lenyewe. Ikinunua chini ya thamani, aliyebaki anafaidika. Ikinunua juu ya thamani, aliyeuza anafaidika. Tatizo ni kwamba kwa ngamia unaweza kuhesabu na kukagua meno. Kwa kampuni, thamani ni makadirio, na kila mtu ana yake.

Kuna jambo lingine ambalo mfano huu unalionyesha na ambalo watu husahau. Zile milioni 2 zilikuwa na kazi. Ukame uliotukumba kuanzia mwisho wa 2020 hadi mapema 2023, misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo, uliua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini. Wajir tunajua waliookoa mifugo yao ni akina nani: ni wale waliokuwa na pesa ya kununua maji ya lori na nyasi. Kundi lililotumia pesa zake zote kumlipa mwenzao anayeondoka, halafu ukame ukaja, lingekuwa na hesabu nzuri kwenye karatasi na mifupa porini. Kwa hivyo kampuni ikisema inanunua hisa zake, uliza pia itabaki na nini mfukoni.

Yaliyotokea kwa Nation

Zamani jambo hili lisingewezekana Kenya. Sheria ya zamani ya kampuni haikuruhusu kampuni kujinunulia hisa. Sheria mpya ya mwaka 2015 ndiyo iliyofungua mlango, kwa masharti, mojawapo ikiwa kwamba wenyehisa waidhinishe.

Nation ilipata idhini hiyo kwenye mkutano mkuu wa Juni 2021. Ilisema itanunua hadi asilimia 10 ya hisa zake, yaani kama milioni 20.7, kwa shilingi 25 kila moja. Bei ya sokoni kabla ya tangazo ilikuwa chini ya hapo. Mwenyehisa alipewa muda hadi Septemba kuamua. Hakuna aliyelazimishwa. Ulitaka kuuza, uliuza, hukutaka, ulikaa. Mwishowe kampuni ilinunua hisa kama milioni 17.1, ikatumia zaidi ya shilingi milioni 420.

Miaka miwili baadaye, 2023, Nation ikarudi na ombi la pili. Safari hii bei ilikuwa shilingi 20.

Ona hapo. Kama kampuni ingesubiri, hisa zile zile milioni 17.1 ingezinunua kwa shilingi tano chini kila moja. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya milioni 85. Na biashara yenyewe haikuwa imenona: gazeti la karatasi lilikuwa linapoteza wasomaji na matangazo yakihamia mtandaoni, na miaka ya 2023 na 2024 kampuni ilimaliza kwa hasara. Bei ya hisa ikashuka chini hata ya ile 20.

Kwa hivyo aliyechukua 25 mwaka 2021 alifanya vizuri kuliko aliyekaa akisema kampuni ni kubwa na jina lake ni kubwa. Ukirudi kwenye hesabu ya ngamia, huyo ndiye aliyelipwa milioni moja na nusu akaenda zake. Sisemi wakurugenzi walikosea kwa makusudi. Mwaka 2021 dunia ilikuwa inatoka kwenye korona na wengi waliamini bei za hisa zitapanda. Lakini pesa ni pesa, na iliyotumika ilikuwa ya wote waliobaki.

Kuna mtu mmoja ambaye hesabu yake ilikuwa tofauti. Mwenyehisa mkuu wa Nation kwa miaka mingi alikuwa mfuko wa maendeleo ya uchumi wa Aga Khan. Fungu lake lilikuwa karibu asilimia 45 kabla ya manunuzi hayo. Baada ya raundi zote mbili lilivuka nusu. Hakununua hata hisa moja mpya, wengine ndio walipungua. Ukiwa na hisa 500 hilo halikubadilishii chakula cha mchana, ila ni vizuri kujua: kampuni ikinunua hisa, nguvu ya kupiga kura inasogea kwa yule ambaye hauzi.

Mzozo wa wazee wawili

Niliwaeleza jambo hili wazee wangu wawili nyumbani, mmoja mfanyabiashara wa mifugo, mwingine mwalimu mstaafu. Hawakukubaliana, na kutokubaliana kwao kulinifaa kuliko slaidi nyingi nilizoona chuoni.

"Adeer," mfanyabiashara aliniambia (kwetu baba mdogo na mtoto wa ndugu yake wanaitana jina hilo hilo), "mtu akija boma kwako bila kuitwa, akakupa bei ya juu kwa ngamia wako, usiuze siku hiyo. Jiulize ameona nini ambacho wewe hujaona."

Mwalimu akacheka. "Na mtu akikataa shilingi 25 kwa kitu ambacho soko zima linakitaka kwa bei ya chini, huyo naye ameona nini?"

"Ameona kesho."

"Kesho ya gazeti? Nani hapa Griftu amenunua gazeti mwezi huu?"

Kimya kikawa kirefu kidogo. Kisha mfanyabiashara akasema kwamba basi swali si la hisa, ni la ngamia. Ngamia mzima usimuuze kwa sababu ya bei nzuri ya siku moja. Mgonjwa muuze kabla jua halijazama.

Yule mzee hajawahi kusikia jina la Benjamin Graham, lakini hapo alikuwa anaongea kama yeye. Graham alikuwa mwalimu wa uwekezaji kule Marekani, na kitabu chake maarufu kilitoka mwaka 1949. Fundisho lake kubwa ni hili: bei ni kile soko linachosema leo, thamani ni kile biashara inachozaa miaka nenda miaka rudi, na hivyo viwili si kitu kimoja. Alilifananisha soko na mbia mwenye hisia zinazobadilika, anayekujia kila siku na bei mpya. Leo amefurahi anataka kununua kila kitu, kesho amekata tamaa anauza kwa hasara. Huna lazima ya kumsikiliza kila siku.

Wawekezaji wanaomfuata Graham hutafuta hisa ambazo bei yake iko chini ya thamani, kisha hukaa nazo. Mfano wa kwetu unaujua kama umewahi kwenda soko la mifugo wakati wa kiangazi: mbuzi wa shilingi 6,000 anauzwa 3,000. Mwenye nyasi anakusanya. Lakini, na hapa ndipo wengi huanguka, mbuzi wa kiangazi kweli amekonda. Si kila kitu cha bei rahisi kimeonewa na soko. Kingine ni rahisi kwa sababu kinakufa. Hisa za kampuni ya magazeti zilizoshuka kutoka 25 hadi 20 zilionekana rahisi. Zilikuwa rahisi, kisha zikawa rahisi zaidi.

Hasira ya senti 12 na nusu

Mwanafunzi mashuhuri wa Graham ni Warren Buffett, na utajiri wake una kisa cha kampuni kununua hisa zake ndani yake kabisa. Watu hulisikia jina tu, kisa chenyewe hawakijui.

Mwaka 1962 Buffett alianza kununua hisa za Berkshire Hathaway, kiwanda cha nguo kilichokuwa kikidorora. Alikuwa ameona kwamba kila kiwanda kilipouza mashine, kampuni ilitumia pesa hizo kununua hisa zake. Mpango wake ulikuwa wa kidalali tu: nunua bei ya chini, ingoja kampuni ije inunue, uza, ondoka. Mwaka 1964 mkuu wa kampuni alimuuliza angeuza kwa ngapi. Wakakubaliana dola 11.50. Barua rasmi ilipofika, bei iliyoandikwa ilikuwa 11.375. Pungufu ya senti 12 na nusu.

Buffett alikasirika. Badala ya kuuza, alinunua zaidi, na Mei 1965 akashika usukani wa kampuni, akamwondoa yule mkuu. Baadaye Buffett mwenyewe alisema ulikuwa uamuzi wa kijinga, kwa sababu sasa alikuwa na kiwanda cha nguo kisichokuwa na maisha. Na kweli, kazi ya nguo ilifungwa kabisa mwaka 1985.

Kilichomwokoa si nguo. Pesa zilizotoka kwenye nguo alizihamisha. Mwaka 1967 alinunua kampuni ya bima, National Indemnity, kwa dola milioni 8.6. Mwaka 1972 akanunua See's Candies, watengenezaji wa peremende, kwa dola milioni 25. Pole pole jina la kiwanda cha nguo likawa jina la kampuni mama, yaani kampuni ambayo kazi yake kubwa ni kumiliki kampuni nyingine. Mwaka 2025 hisa moja ya daraja la kwanza ya Berkshire ilivuka dola 700,000. Yule aliyechukua dola 11.375 mwaka 1964 alifurahi siku hiyo.

Sasa weka Nation na Berkshire pamoja. Zote zilikuwa kampuni za biashara inayozeeka, moja magazeti, nyingine nguo. Zote zilitaka kununua hisa za wenyehisa wao. Kule aliyekataa kuuza akawa tajiri, huku aliyekataa akapoteza. Tofauti haikuwa kwenye barua ya kununua hisa. Ilikuwa kwenye kile kilichofanywa na pesa zilizobaki, na nani alikuwa anazishika. Hilo halikuandikwa kwenye tangazo lolote kati ya hayo mawili.

Buffett baadaye alijiwekea kanuni. Mwaka 2011 Berkshire ilisema itanunua hisa zake ikiwa tu bei haizidi thamani ya vitabuni kwa zaidi ya asilimia 10. Mwaka uliofuata wakapandisha kiwango hicho hadi asilimia 20. Mwaka 2018 wakabadilisha kabisa: Buffett na mwenzake Charlie Munger wangenunua pale tu wanapoamini bei iko chini ya thamani halisi. Munger alifariki Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka 99. Kampuni nyingi hununua hisa wakati pesa zimejaa na bei iko juu. Hawa walisubiri, na mwaka 2020 wakati wa korona, wengine wakiogopa, walitumia karibu dola bilioni 25 kununua hisa zao.

Centum, kapu la kwetu

Kampuni mama iliyo karibu na hapa na inayofanana kidogo na hiyo ni Centum. Ilianzishwa mwaka 1967 ikiitwa ICDC Investment, kwa nia ya kuwapa Wakenya wa kawaida njia ya kumiliki vipande vya viwanda na biashara. Mfanyabiashara Chris Kirubi, aliyefariki Juni 2021, ndiye aliyekuwa mwenyehisa binafsi mkubwa zaidi. Kwa miaka mingi Centum iliwahi kumiliki sehemu ya viwanda vya kujaza soda, benki ya Sidian, mradi wa Two Rivers pale Nairobi, na hata kampuni ya kusambaza bia, King Beverage. Mwaka 2019 iliuza sehemu yake ya viwanda vya soda kwa takriban shilingi bilioni 19.

Hisa za kampuni mama zina tabia moja inayowachanganya watu. Ukijumlisha thamani ya kila kitu kilichomo ndani ya kapu, ukatoa madeni, ukagawa kwa hisa, mara nyingi unapata namba kubwa kuliko bei ya sokoni. Kwa Centum pengo lilikuwa pana sana: mwanzoni mwa 2023 hisa ilikuwa chini ya shilingi 10, huku thamani ya vitabuni ikiwa mara kadhaa ya hiyo. Kampuni ikaanza kununua hisa zake, hadi asilimia 10, kwa bei isiyozidi shilingi 9.03.

Kwa hesabu ya ngamia, hii inaonekana kama yule anayekubali 900,000 kwa fungu la 1,200,000. Waliobaki wanafaidika, si ndiyo? Ndiyo, kama namba ya vitabuni ni ya kweli. Sehemu kubwa ya mali ya Centum ni ardhi na majengo, na thamani ya ardhi hukadiriwa na mthamini, haijulikani mpaka apatikane mnunuzi. Ngamia 100 walioandikwa daftarini si ngamia 100 waliosimama mbele yako. Soko lilikuwa linaitilia shaka namba hiyo. Maoni yangu ni kwamba kununua taratibu kwa bei ya chini ni busara kuliko kutoa bei kubwa kwa mkupuo, lakini ukiwa mwenyehisa mdogo usichukue thamani ya vitabuni kama ahadi.

Kwa sisi Waislamu wa kaskazini mashariki kapu lina shida nyingine. Wanazuoni wengi wa fedha za Kiislamu wanaruhusu hisa za kampuni yenye biashara ya halali, kwa kuwa hisa ni ubia, na wanaangalia pia ukubwa wa mikopo ya riba. Kampuni moja ya simu au ya saruji ni rahisi kuichunguza. Kampuni mama huwezi kuichukua nusu: ukinunua hisa yake umenunua soda, benki na bia kwa pamoja, hata kama ulipendezwa na soda tu. Soma orodha ya kampuni tanzu kwenye ripoti ya mwaka, kisha peleka orodha hiyo kwa sheikh wako. Muulize na zaka ya hisa papo hapo, maana ni swali linalosahaulika.

Kwenye simu yako

Tangu Agosti 2025 mtu anaweza kununua hata hisa moja kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Zamani kiwango cha chini kilikuwa hisa 100. Kwa hivyo kuna wenyehisa wapya wengi, na matapeli wanajua.

Kampuni ikitaka kununua hisa zako kihalali, tangazo litakuwa kwenye magazeti na kwenye tovuti ya kampuni na ya Soko la Hisa, na kabla ya hapo wenyehisa watakuwa wameombwa idhini. Utauza kupitia dalali wa hisa aliyesajiliwa, na hisa zitatoka kwenye akaunti yako ya CDS. Pesa zinakuja kwako, hazitoki kwako. Ukipigiwa simu ukaambiwa "kampuni inanunua hisa zako, tuma kwanza shilingi 500 ya usajili," kata. Hakuna mtu wa kampuni, wa soko, wala wa kwetu atakayekuuliza PIN yako ili akulipe.

Tangazo likiwa la kweli, tafuta mambo haya ndani yake kabla ya kuamua. Bei ni ngapi, na bei ya miezi sita iliyopita ilikuwa ngapi. Wanataka hisa ngapi, kwa sababu wauzaji wakizidi huenda wakachukua sehemu tu ya zako. Pesa zinatoka wapi: faida iliyowekwa au mkopo? Mwenyehisa mkuu anauza au anakaa? Na biashara yenyewe, miaka mitano iliyopita faida ilipanda ama ilishuka? Hilo la mwisho ndilo ningelipa muda mwingi zaidi. Liko kwenye ripoti ya mwaka, kurasa za nyuma, na halihitaji digrii.

Kama una haja ya pesa, haja yako nayo ni sababu. Mwenye karo ya kulipa Januari hana deni la kumngojea Buffett.

Na wale walionunua hisa za Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi tano, kiwango cha chini kikiwa hisa 2,000: mgao wa faida wa mwaka 2024 ulikuwa shilingi 1.20 kwa hisa. Kwa hisa 2,000 hiyo ni 2,400, ukitoa kodi ya asilimia 5 unabaki na 2,280. Kama hujaona pesa hizo, labda ulibadilisha laini na msajili wa hisa bado ana namba ya zamani. Mgao usiochukuliwa kwa muda mrefu hupelekwa kwa mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa, UFAA. Piga *361# uangalie kama jina lako liko huko, na la marehemu wazazi wako pia.